Mkalimani wa Makadara

Hakimu akasema: msomee shtaka.
Nikaishika karatasi, nikakohoa kidogo,
maana neno lililoandikwa pale
lilikuwa na meno, na kwa Kiswahili
nilikuwa na moja tu la kulitia mahali pake:
mgeni.

Neno la mkeka na maji ya kunawa.
Neno ambalo mamangu akilisikia mlangoni
alikwenda kumkamata jogoo.
Nikasoma: "Kwamba wewe, Zelifa Nyirenda,
ukiwa mgeni, ulipatikana Kaloleni
bila kibali."
Akatabasamu mama wa watu.
"Asante, mwanangu. Lakini mgeni wa nani?"

Karani akacheka. Hakimu hakucheka.
Akaniambia: fafanua.

Nifafanue nini? Amezaliwa Pumwani
mwaka ambao bendera bado ilikuwa ya wengine.
Babu yake alitoka Nyasa kuwapikia mainjinia wa reli,
akazikwa Lang'ata na kisu chake cha vitunguu.
Yeye ana cherehani. Anashona sare za shule;
watoto wa askari aliyemkamata
wamevaa kola zake mpaka darasa la nane.
Siku ya tatu mpe jembe, ndivyo tusemavyo.
Jembe alipewa. Mpini umelika mkononi mwake
na sisi bado tunahesabu siku ya pili.

Nikajaribu maneno mengine kimoyomoyo,
kama mtu anayejaribu funguo za jirani.
Mlowezi: hilo huja na farasi na hatimiliki.
Mhamiaji: hajahama hata mtaa.
Mkimbizi: akimbie nini, na goti lile bovu?
Raia wa kigeni: hapo nikakwama,
kwa kuwa raia ni raia, na ugeni ni ugeni,
na sijui ni nani aliyewafungisha ndoa hawa wawili.

Na raia lenyewe!
Askari akilitamka ni mtu asiye na bunduki:
"Raia, kaeni chini!"
Zikikaribia kura tunageuka wananchi,
wana wa nchi, kana kwamba nchi ilishikwa na uchungu
ikatuzaa mmoja mmoja
na mkunga akatuandika nambari.
Wakati huohuo fedha zikiwa za kigeni hazilali rumande,
na mgeni akiwa rasmi
hupigiwa hema, hupangiwa maua.

Saa ya chakula nikatoka kununua mahindi.
Kijana mwenye bahasha akanisimamisha:
Hamza ni upande gani?
Nikajibu bila kufikiri, kama tujibuvyo jijini humu,
"Samahani, mimi ni mgeni hapa."

Miaka ishirini na sita nimepanga Buruburu.
Kwetu ni Wundanyi.
Kwao hakimu ni Vihiga, kwao karani ni Kitui,
kwao askari sijui Bomet.
Krismasi ikikaribia tunafunga mizigo sote,
"tunaenda nyumbani," twaambiana,
na jiji hubaki kama ukumbi asubuhi ya baada ya arusi.
Zelifa hubaki.
Humwagilia sukuma wa watu wasiokuwepo,
hutunza funguo za milango saba,
hulisha paka wa mwenye duka.
Januari tukirudi na vumbi na viazi vya kwetu
yeye ndiye hutwambia, karibuni.

Nikarudi kortini na punje za mahindi menoni.
Mkalimani, umepata neno?
Mheshimiwa, nikasema, neno ninalo.
Tatizo halimkai mshtakiwa.
Limetukaa sisi.

Akaandika kitu, muda mrefu.
Kesi ikaahirishwa hadi tarehe kumi na saba.

Akishuka kizimbani Zelifa akanipita karibu,
akalivuta koti langu kwa vidole viwili,
kama fundi, si kama mtuhumiwa.
"Kifungo chako kimelegea, mwanangu.
Ukipata nafasi uje kwangu nikukazie."

Nikatazama.
Kweli, kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja.