Busati la Tandika

Mkasi umegoma kwenye pindo la ovaroli:
grisi ya karakana ya Keko haikutoka,
si kwa sabuni ya mche, si kwa jiwe.
Nimelikata hivyo hivyo,
upana wa vidole viwili.

Sare ya Mwanahija, kola imelika.
Kanga moja; mwenzake kazikwa na mama.
Jina limebaki nusu: NAWE HUJUI.

Nasuka vitatu vitatu kama ukili,
nazungusha, nashona.
Umeme umekatika. Vidole vinajua njia.

Shati lako la ndoa, Shomvi,
nililirudisha sandukuni
mara mbili.
Ya tatu nikalichana.

Asubuhi mjukuu katoka bafuni,
kakanyaga katikati na maji yake:
“Bibi, hapa mbona pagumu?”

Kifungo.
Nilikisahau.

Nimekiacha.