Ripoti kwa Aminirabi, Aliyekatazwa Mlima

Umeniletea picha kumi na nne na mchoro mmoja,
ukazitandaza juu ya boneti ya Landrova ya parokia
niliyokuwa naifungua giaboksi, hapa Njoro,
ukasema: Aikande, wewe umelala miaka tisa
ndani ya vyumba vya injini vya meli za watu,
niambie kama chombo hiki kitanifikisha.
Hukusema wapi.

Basi naanza na tumbo, maana kinayo mawili.
Njia mbili zilimshinda fisi;
hiki kinazipita zote kwa pamoja
na katikati yake wamejenga sebule:
makochi meupe, jiko la marumaru,
friji ya mvinyo yenye taa ya buluu.
Friji nimeipa mstari mmoja. Inakula umeme.

Mafuta: lita elfu sita.
Theluthi usiiguse, hiyo ni ya upepo wa mbele
na ya ujinga, ambao haupigi hodi.
Zinazobaki, kwa noti nane, lita ishirini kwa saa,
zitakupeleka maili elfu moja na mia sita.
Kwa noti kumi na nane, kama dalali alivyokuonyesha,
povu nyuma, kijana na miwani yake,
zitakwisha kabla jua halijarudi lilipokuwa,
maili mia tatu na sitini, nchi kavu haionekani.
Noti za mwendo, nasema. Zile nyingine
utazihesabu mwenyewe; zinakwenda kasi kuliko hizi.
Wewe uliyewauzia wageni pole pole
miaka thelathini kutoka lango la Marangu,
leo mgeni ni wewe.
Noti nane. Usibishane nami.

Injini nimezisikiliza kwa simu.
Nilimwomba jirani azime mashine ya kukoboa,
dalali akaweka simu yake juu ya kifuniko.
Ya kushoto haina neno.
Ya kulia inameza mate kila pumzi ya sita,
kama mtu anayetaka kusema jambo mbele ya wakwe.
Nikaagiza mafuta yake.
Yamekuja kwa basi la usiku kutoka Tanga
katika chupa ya maji iliyofungwa kwa kitambaa.
Konda alidhani ni asali.
Nimeyamimina kwenye kisosi, nikakiweka dirishani:
rangi ya chai ya maziwa.
Nikaweka tone ulimini (usimwambie mwanangu).
Chumvi.
Hapo watapunguza bei, au utaondoka bila kuaga.

Mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa:
lita mia kwa saa, mpya, hati zake zipo.
Nilicheka peke yangu.
Sisi tuliowekeana vinyongo vizazi viwili
kwa zamu ya mfereji, Jumanne yako, Jumatano yetu,
na shangazi yako kuziba mlango wa maji kwa mgomba usiku,
leo unabonyeza kitufe.

Mkuku mzima. Rafadha moja imepinda kidogo, inanyooshwa.
Nanga ni ndogo kuliko inavyostahili;
walinunua nanga wakifikiria bandari.

Halafu hili, ambalo kwenye fomu halina kisanduku.
Juzi ulipoondoka nilikutazama
ukishuka vidato viwili vya gereji yangu
mkono ukutani, uso umeugeuzia Kibo
kama unayeangalia mawingu.
Kutoka sebuleni hadi usukani wa juu
ni vidato tisa. Nimevipima pichani kwa rula ya shule.
Vimesimama wima, vimeng'arishwa,
na hakuna mahali pa kushika.
Chini kuna usukani wa pili, ila ukikaa pale
huoni tezi, na huoni kilichokufanya uende.
Nitakuchomelea bomba la feleji, upande mmoja tu,
nafasi hairuhusu pande mbili.

Kwa hiyo nijibu kabla sijagonga muhuri:
goti lipi lina nafuu?