Nukta Pacha

Newala, saa nne usiku, ofisi ya chama cha msingi.
Vumbi la magunia limeingia hadi kwenye kibodi.
Stakabadhi ya Bi Nachundu imetoka:
ina jina, ina daraja la korosho, ina tarehe,
na pale pa uzito, weupe.

Kilo mia nne na kumi na mbili. Niliziona zikipimwa.
Chilumba aliziandika, mtambo ukazipokea.
Zimekwenda wapi?

Huku kwetu ukiita "Somoe!" gulioni
wanageuka watatu.
Ndiyo maana kuna Somoe wa Kitangari,
kuna Somoe wa Mkunya,
ila akiwa ndani kwa mamaye
ni Somoe, basi. Nyumba inamjua.

Lugha hii ya mabano nayo ina adabu hiyo.
Nikiandika, ndani ya faili la mizani,

      ::uzito

nukta pacha mara mbili,
msomaji wake (yule apitaye kabla ya hesabu,
asiyejumlisha wala kutoa)
hutazama nimeketi nyumba gani,
kisha hulitimiza jina:

      :chama.mizani/uzito

Nikiwa ugenini, kwenye faili la stakabadhi,
nikishamwambia kwamba m ni kifupi cha chama.mizani,

      ::m/uzito

humfikisha palepale.
Nisipomwambia, anagoma mlangoni, programu haianzi,
na kugoma kule, leo nimejua, ni huruma.

Maana mimi niliandika

      :m/uzito

Pacha mara moja. Kidole kilisinzia.
Na pacha mara moja haiulizi mtu.
m ikabaki m, ukoo usio na kaya,
jina halali la asiyezaliwa.
Hakuna kosa, hakuna kelele.
Programu ilikwenda kumwita, hakuitika,
ikarudi mikono mitupu, kwa heshima zote,
ikachapa weupe.

Nimeongeza nukta mbili.
Kilo zimerudi, hazisemi zilikolala.

Asubuhi Bi Nachundu atakuja.
Ataikunjua karatasi dirishani,
kidole kitapita taratibu:
kijiji kwanza, kisha ukoo,
kisha yeye,
na akishahakikisha kuwa ni yeye
na si yule Nachundu wa ng'ambo ya bonde,
ndipo atauliza,
"Haya. Ngapi?"