Vilele Visivyo Vyetu

Rozari ameiacha kwenye bakuli la plastiki,
na sarafu, na pini ya kitenge, na simu ya vitufe;
lakini chuma cha nyonga, alichowekewa KCMC
mwaka ule alipoteleza mferejini, hakivuliki.
Kwa hiyo kasimama nyuma ya mstari wa njano
hapa Tengeru, asubuhi ya Julai,
ananiuliza kwa sauti ya kumwita mtu aliye bondeni:
"Manka, hilo pipa linapika nini?"

Halipiki, mama. Linasikiliza.

Ndani ya pipa kuna sumaku,
imezama katika baridi ambayo hata Kibo haiijui.
Loishiye huongeza naitrojeni kila Jumatano,
moshi mweupe ukimwagikia viatu vyake kama maziwa yaliyokosa chombo.
Ndani ya sumaku, kijibomba cha kioo,
chembamba kuliko kidole chako cha mwisho,
na ndani yake msesewe:
magome uliyonikwangulia Kibosho.
Nikayachemsha, nikayachuja, nikayachuja tena,
mpaka uchungu wote wa mbege yako
ukabaki unga wa kujaza ukucha.
Nikauyeyusha katika klorofomu isiyosema,
ile ya hidrojeni nzito, bubu kwa masafa haya,
maana ukitaka kumsikia mgeni
usimketishe na wapiga soga.

Kila hidrojeni ni kijisumaku, kinazunguka kama pia.
Tunazipiga wimbi la redio, mpigo mmoja,
mfupi kuliko kupepesa.
Zinayumba. Kisha zinarudi zilikokuwa,
na katika kurudi ndipo zinaposema.
Hazitaji majina yao, mama. Zinataja majirani.
Mwenye jirani mmoja, kilele chake hupasuka viwili;
mwenye wawili, vitatu;
asiye na mtu husimama mstari mmoja, wima,
kama mjane kwenye picha ya harusi.
Huyu hapa kushoto anakaa kando ya oksijeni,
kavutiwa shuka usiku kucha, yuko wazi, anatetemeka.
Hawa wa kulia wamejifunika, hawana shida na mtu.

Kila mmoja nimempatia kiti.
Isipokuwa hivi vilele viwili.
Nimepima eneo lake: sehemu nne za kumi za hidrojeni.
Nne za kumi! Hidrojeni haikatwi kama ndizi ya mtori.
Wiki tatu nimelaumu umeme,
nimemlaumu Loishiye, ambaye hakujibu,
nimeosha vioo mpaka vidole vimechubuka.
Jana usiku nikakubali: wako wawili humu,
wanafanana kama pacha, hata chujio limewapitisha pamoja.
Huu si mti mmoja uliosema, mama.

Mama anatazama bakuli la plastiki.
Pampu inapiga: tsii-ko, tsii-ko.

"Magome hayakutosha," anasema.
"Nikaongezea kidogo."
Ya wapi?
"Ya kwa Mama Anasia."

Mama Anasia. Ng'ambo ya masale.
Miaka minane, tangu maji ya mfereji yageuzwe
na baba apande barazani na karatasi zake,
hatuvuki, hatuombani moto;
hata kwenye msiba wa shangazi
tuliketi kama watu waliotoka mikoa tofauti.

"Alinikatia mwenyewe, kwa panga lake.
Akaniongeza na mkungu."
Tangu lini mnasalimiana?
"Baba yako usimwambie."
Anainua kidole kuelekea kwenye pipa.
"Na hilo nalo lisimwambie."

Narudi kwenye karatasi. Juu ya vile vilele
nilikuwa nimechora alama ya kuuliza, kubwa, ya hasira.
Naifuta. Vumbi la kifutio linabaki
pale kwenye nne za kumi.

Nyuma ya mstari wa njano anafunga pini ya kitenge,
polepole, kama mtu asiyeuliza kitu:
"Na wa kwake ndio mchungu zaidi?"
Sijui, mama. Mpaka niwatenge kwanza.

"Basi," anasema, akiokota rozari,
"usiwatenge."