Dukani kwa Ayikobua

Ayikobua ananiwekea kiganjani kipande cha kioo,
chepesi, baridi, laini kama tumbo la samaki.
"Hiki ndicho cha kisasa, Mwalimu. Unakigusa tu."
Nagusa. Kimya. Nagusa tena,
kumbe nimempigia simu mtu wa Kampala.
Tunacheka wote, hata yeye aliyepokea.

Kiondoe, mwanangu.
Kwa mkono unaotafuta, kioo ni ukuta usio na mlango.

Nilisoma nukta nundu miaka thelathini na mmoja.
Vidole hivi vilionja herufi
hata kwenye karatasi iliyokanyagwa na mbuzi,
hata bwenini, chini ya blanketi,
wenzangu wenye macho walipoamriwa kuzima taa
wakalala na hamu zao.
Kisha kisukari kikaja taratibu, kama mpangaji
anayelipa vizuri mwezi wa kwanza.
Leo ncha za vidole zimevaa soksi.
Penye nukta sita napapasa mchanga.

Ndiyo maana nataka kisanduku kinisomee.
Si chochote tu.

Cha pili kina vitufe, lakini vimebanana kama punje za simsim.
Simsim naijua: nimeuza magunia mawili
kupata pesa hizi.

Cha tatu kina sauti. Ya mwanamume. Ana haraka.
"Ngombe," asema, "ngombe wa babu,"
na Mastula, binti wa dada yangu, anajikunja kwa kicheko.
Asiyeweza kusema ng'ombe
utamkabidhije riwaya nzima?
Tena hana pumzi: nukta anairuka, mkato anaukanyaga,
maiti na muuaji wake wanaongea kwa koo moja.

"Vaa hedifoni, Mwalimu, utasikia vizuri."
Masikio yote mawili? Hapana, baba.
Moja la kitabu, moja la barabara.
Hapa Oli bodaboda hawapigi honi
eti kwa sababu umefika sura ya tisa.

Kipo cha nne, asema, ila kibaya.
Kimekaa rafuni tangu mwaka juzi, watu wanakipita.
Lete.

Kizito kama nusu mche wa sabuni.
Katikati kitufe kimoja kimevimba mithili ya jipu;
hata kidole chenye soksi kinalipata.
Kadi ya kumbukumbu inaingia, tak, nasikia imekaa.
Nakiangusha makusudi. Ayikobua anaruka,
Mastula anakiokota,
na mwanamke aliyemo ndani anaendelea na sentensi yake.
Tunakipeleka nje, kando ya mashine ya kusaga mihogo.
Asiposikika hapa, hatasikika kwangu mvua ikipiga bati.
Anasikika. Nasubiri kurasa mbili, mchungaji atokee zizini.
Anasema ng'ombe.

Limebaki swali ambalo boksi halikujibu:
nikisinzia, kitakumbuka nilipoishia?
Ayikobua hajui.
Basi nakizima, tunarudi ndani, tunakaa.
Anazungumzia bei ya sukari, kisha mguu wa mkewe.
Mara umeme unakatika.
Friji inanyamaza, mashine ya kusaga inashusha pumzi,
mtu anajigonga kwenye kaunta na kulaani.
"Subiri kidogo, Mwalimu, sioni kitu."
Mimi nisubiri nini?

Nabonyeza jipu.
Mwanamke anarudi nyuma maneno matatu,
kisha anasonga mbele,
kama mtu aliyeweka kidole kwenye ukurasa
nilipokwenda kuteka maji.

Ayikobua ataka laki mbili na themanini.
Nampa mbili na arobaini, kwa ajili ya vumbi.
Za hamsini nimezikunja mara mbili, za ishirini kwa urefu,
nne na mbili, nimekwisha.
Yeye bado anapapasa droo akitafuta tochi azihakiki.

Lete mkono, namwambia.
Nitakuhesabia.