Rufaa ya Ukuta wa Kijani

Karani wa mikopo, pokea salamu kutoka Kariobangi.
Mashine yenu imesema sisi ni watu wa kundi la nne,
wenye uwezo, karo tujilipie nusu.
Nilimpa mama simu asome mwenyewe.
Akaifuta kwa leso, kama iliyoingia vumbi,
akasoma tena.
Nne ikabaki nne.

Kosa ni la ukuta, nadhani.
Mlitaka picha ya nyumba, mchana, mlango uonekane.
Februari walikuja vijana wa kampuni ya rangi,
ngazi mbili na madumu,
wakapaka ploti nzima kijani kibichi,
jina la rangi yao kwa herufi ndefu kuliko mimi.
Mwenye ploti alilipwa. Wapangaji tulipewa kofia.
Ndiyo maana nyumba inang'aa
kama bibi harusi aliyeazimwa gauni:
mgeuze, pini zote ziko mgongoni.

Mliuliza kazi ya mzazi.
Mama hununua vipande vya sponji kutoka viwandani,
huvichambua, huvishindilia, hushona godoro upya.
Kisanduku cha hilo hakikuwapo.
Nikabonyeza *mfanyabiashara*.
Kumbe neno lile lina tumbo pana:
mwenye maghorofa Kilimani amelala humo,
na mama yangu humo humo, na sindano yake.

Mliuliza kama baba yu hai.
Yu hai, Nakuru, na watoto wengine.
Niliandika ndiyo,
mashine ikamhesabia mshahara.

Nisiseme hatukusaidiwa.
Basari ya wadi tuliipata, mbele ya kamera:
hundi ya kadibodi ilinipita kimo,
pesa zenyewe hazikunifika gotini.
Majirani nao wakachanga kwenye simu,
mia mbili, hamsini, mia na ishirini,
na mmoja akaandika "tuko pamoja",
akaishia hapo.
Haba na haba hujaza kibaba, mama alisema,
ila hiki cha chuo kimetoboka.

Binamu yangu Omwenga alinishauri
niende kwa chifu na viatu vilivyochanika,
nijikunje kidogo, nikohoe.
Nilikwenda na viatu vyangu vya shule, nimevipiga rangi.
Msaidizi wa chifu akavitazama muda mrefu
kabla ya kuutafuta muhuri.
Hakuupata siku ile.

Juzi usiku mama alichukua kisu cha mboga,
akaanza kuukwangua ukuta.
Nikashika tochi. Hatukusemezana.
Chini ya kijani kulikuwa na buluu ya kampuni ya sabuni,
chini ya buluu nyekundu, sijui ya nani,
kisha chokaa, kisha udongo
uliomwagika wenyewe, bila kubembelezwa.
Miaka kumi na tisa tumelala nyuma ya matangazo ya watu.
Asubuhi ilimkuta na kijani chini ya kucha,
ikagusa kitambaa cheupe cha godoro la mteja.
Mteja akakata shilingi mia.
Mia hiyo nayo iandikeni mahali.

Nimeambatisha picha ya pili.
Ni kiraka tu, ukubwa wa daftari;
zaidi ya hapo mwenye ploti angetufukuza.

Sikuombi unihurumie.
Nilichaguliwa kusoma takwimu,
na hata kabla ya kuingia darasani najua
kuwa kundi ni mstari ambao mtu aliuchora
akiwa ameketi mahali,
labda alikuwa na njaa, labda alitaka kurudi nyumbani,
na mkono ukiteleza nukta moja
kuna mtu anabaki Kariobangi akishindilia sponji.
Naomba tu uhesabu tena, polepole,
kama mama anavyohesabu chenji gizani
kwa kidole, sarafu moja moja.

Dirisha la rufaa linafungwa Ijumaa saa kumi na moja.
Bwana Mulinge wa kompyuta anatoza kumi kwa ukurasa,
na huu umejaa.

Ni mimi,
Kwamboka,
wa kundi la nne.