Mwaka na Siku Moja

Chaki imebaki kama kipande cha ukucha.
Darasa la jioni, Keko Machungwa.
Randa ya jirani inakula mninga,
vumbi lake linatua juu ya somo la historia.

Kabaila: mwenye ardhi, mwenye ngome, mwenye watu.
Nasimama hapo kwenye "mwenye".
Ndimo walimotoka mamwinyi wetu,
ndimo alimotoka mwenye nyumba wangu,
Mwinyikondo, ambaye ngome hana
ila ana geti, na funguo zake
hufika kabla yake.

Mtwana: hauzwi sokoni kama mtumwa,
lakini shamba likiuzwa naye yumo,
pamoja na kisima na mizinga ya nyuki.
Siku tatu za juma analima kwa bwana.
Zinazobaki anagawana na mvua.

Nawaambia habari za babu yangu, Kanyigo:
mgomba aliupanda yeye,
mkungu wa kwanza haukuwa wake.
Nyarubanja, nasema. Hakuna anayelijua.
Naliandika pembeni, nje ya mtihani.

Zaka: moja ya kumi ya mavuno.
Mkono wa Sikudhani uko juu tayari.
"Mwalimu, kwetu ni moja ya arobaini."
Gaspari anauliza kama inaruhusiwa kuhama.

Kiapo cha utii: mdogo anapiga magoti,
anaweka viganja vyake viwili
ndani ya viganja vya mkubwa.
"Mikono?" wanashangaa.
Mikono. Sisi tulichagua miguu.

Mwanagenzi. Hili silifafanui.
Pazi yuko dawati la nyuma, gundi vidoleni,
mwaka wa tatu anapiga msasa vitanda
vya watu watakaolala vizuri.
"Na wao walitoa kilemba kwa fundi?"
Sijui, Pazi. Walitoa kitu.
Hapakosi kitu cha kutolewa.

Bwana. Hapa Kiswahili kinanicheka:
neno moja kwa lodi, kwa mume, kwa Mungu,
na kwa muuza vocha wa mkabala, "sikiliza, bwana."
Na kodi: ya serikali, ya chumba.
Lugha haikuona sababu ya kuzitenga.

Kengele karibu. Najifurahisha,
nawapa lile nililolificha hadi mwisho:
mtwana akitoroka, akaingia mjini,
akaishi ndani ya kuta mwaka mmoja na siku moja
bila kukamatwa,
basi huru.

Kimya. Hata randa imenyamaza.
Wanaliandika polepole, kama anwani ya mtu.
"Ile siku moja ni ya nini, mwalimu?"
Sikudhani tena. "Mwaka hautoshi?"

Mtaala hauna jibu. Mimi nilikohoa,
nikasingizia vumbi.

Sasa nimefika kwangu, taa ya baraza inawaka.
Machi iliyopita nililipa mwaka mzima kwa mkupuo,
fedha ya mkopo ambao bado unanidai.
Jana mwaka ulitimia.
Leo ni ile siku moja.

Funguo zinalia upande wa pili wa geti.
Najifuta chaki kwenye suruali,
natafuta neno la kuanzia,
kati ya yote niliyoyaandika leo,
na linalokuja halikuwa ubaoni,
linakuja lenyewe, limeshainama:

"Shikamoo."